Mwalimu Alisema: Utangulizi wa Elimu ya Wanukuzi

Kuwapanga wanasiasa wa Tanzania kwa vyama vyao kulikuwa na maana zamani. Siku hizi mtu hulala CCM, akaamka CHADEMA, akapokelewa kwa shangwe, na wino wa kadi mpya haujakauka ameshaita waandishi wa habari kutangaza kwamba anarudi nyumbani kuunga mkono juhudi. Anayetaka kuwapanga viumbe hawa anahitaji kigezo kisichohamahama, na kwa maoni yetu kipo kimoja tu: namna mwanasiasa anavyomtumia Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na ambaye tangu hapo hajapewa likizo hata ya wiki moja.

Kiumbe tunachokichunguza tumekipa jina la Mnukuzi. Ufafanuzi wake ni huu: mwanasiasa aliye hai, wa chama chochote, atamkaye "Mwalimu alisema" kisha akasema la kwake. Wanahistoria hawamo, wala wazee wa kijiwe cha kahawa, ambao humnukuu Mwalimu bila kuomba kura na kwa hiyo ni jamii nyingine kabisa.

Tuanze na mazingira. Mnukuzi hustawi penye chakula kingi, na Mwalimu aliacha ghala la maneno ambalo halijulikani mwisho wake. Alihutubia kabla TANU haijazaliwa Julai 7, 1954. Alihutubia akiwa Waziri Mkuu, akajiuzulu Januari 1962 akaenda kuhutubia mikoani, akarudi Desemba mwaka huohuo akiwa Rais, akahutubia kwa miaka mingine 23. Alipong'atuka mwaka 1985 alibaki na uenyekiti wa chama hadi 1990, na alipouacha huo ndipo akahutubia vizuri kuliko wakati wowote, maana sasa hakuwa na serikali ya kuitetea. Tena hakusimama mahali pamoja. Ukimtaka Mwalimu wa chama kimoja, yupo. Ukimtaka wa vyama vingi, naye yupo: Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, takribani asilimia 80 ya waliojitokeza walitaka chama kimoja kiendelee, na Mwalimu akasimama upande wa wale wachache. Hata mbunge mvivu kuliko wote, akipewa nusu saa na kanda za redio ya taifa, hakosi Mwalimu wa kumfaa.

Wala isidhaniwe marehemu hakuujua mchezo huu. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na katikati ya tamthilia hiyo kuna mtu anayesimama mbele ya umati akiwa na maiti ya kiongozi na karatasi ya wosia, akaanza kwa kusema hakuja kusifu. Umati ukimaliza kumsikiliza, unakwenda kuchoma nyumba za watu. Mwalimu aliipitia hotuba ile neno kwa neno kuitia katika Kiswahili, na ilipochapishwa yeye mwenyewe alikuwa Rais, tena jina lake likiwa Julius. Sisi tunaliona hilo kuwa onyo. Wanukuzi, kwa jinsi wanavyofanya kazi, inaelekea wamelisoma kama mwongozo.

Majira ya Mnukuzi ni Oktoba. Tarehe 14 ni Siku ya Nyerere, na ndiyo siku ambayo mbio za Mwenge wa Uhuru hufikia kilele. Uchaguzi mkuu nao umezoea kufanyika mwishoni mwa mwezi huohuo: tarehe 29 mwaka 2000, tarehe 31 mwaka 2010, tarehe 25 mwaka 2015, tarehe 28 mwaka 2020, tarehe 29 mwaka 2025. Mwaka 2005 nao ungekuwa Oktoba kama usingesogezwa hadi Desemba. Maana yake ni kwamba kila baada ya miaka mitano kumbukumbu ya kifo chake huangukia katika siku za lala salama za kampeni, kila mgombea akiwa ameishiwa hoja na amebakiwa na sauti. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini hata angepangiwa na kamati ya ushindi asingepangiwa vizuri zaidi.

Sasa spishi zenyewe.

Mnukuzi wa Jukwaani ndiye wa kawaida kabisa. Humtambui kwa anachosema. Unamtambua kwa kinachomtokea mwilini sekunde chache kabla ya kusema. Hupunguza mwendo. Hushusha sauti, huvuta irabu ya mwisho, huuliza swali lilelile mara mbili, kisha hucheka kicheko kikavu kinachokatwa ghafla. Mkono wa kulia hutafuta fimbo ambayo haipo. Makofi huanza kabla nukuu haijafika, kwa sababu watu wanapigia makofi sauti, na kwa hilo hatuwalaumu: ilikuwa sauti nzuri, na msanii Steve Nyerere alipata hata jina kwa kuiiga. Ukimfuata Mnukuzi huyu nyuma ya jukwaa ukamuuliza hotuba aliyoitaja ni ya mwaka gani, hujibu kwamba Mwalimu alikuwa akilisema sana jambo hilo. Ana binamu mdogo aishiye kwenye makundi ya WhatsApp, ambaye hubandika maneno yoyote yanayomfaa chini ya picha ya Mwalimu ya rangi nyeusi na nyeupe. Picha huwa ni halisi.

Mnukuzi Mhamaji anavutia zaidi, maana huhama na mizigo yake yote. Kielelezo kizuri ni mwaka 2015. Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, alipokatwa jina katika mchujo wa CCM alivuka kwenda CHADEMA na kugombea urais kwa mwavuli wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Frederick Sumaye naye akavuka. Kingunge Ngombale-Mwiru, mmoja wa wanaitikadi wakubwa wa enzi za Mwalimu, akaiacha CCM. Wote wakamkuta Mwalimu amewatangulia huko. Je, hakusema mwaka 1995 kwamba Watanzania wanataka mabadiliko na wasipoyapata ndani ya CCM watayatafuta nje? Alisema. Waliobaki CCM nao wakajibu kwa simulizi kwamba mwaka huohuo wa 1995 Mwalimu ndiye aliyemkataa Lowassa asigombee. Basi Mwalimu akawa amempinga mgombea na kubariki safari yake kwa wakati mmoja, na miezi ile ya kampeni ilipita bila kambi yoyote kuona shida ya hesabu hiyo. Kilichosahaulika na pande zote ni alichokifanya yeye mwenyewe baada ya kusema. Augustine Mrema alikuwa ametoka CCM akaingia NCCR-Mageuzi, umati ukisukuma gari lake kwa mikono, na Mwalimu aliyesema mabadiliko yaweza kutafutwa nje akafunga safari akamfanyia kampeni Benjamin Mkapa wa CCM.

CHADEMA, kwa kuwa tumeitaja, ina kioja chake. Mwasisi wake, Edwin Mtei, ni gavana wa kwanza wa Benki Kuu na Waziri wa Fedha aliyejiuzulu mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Chama kilichoasisiwa na mtu aliyemwambia Mwalimu usoni kwamba uchumi wake hauendi kimekuja kuwa na majukwaa ambayo Mwalimu hunukuliwa kwa upole kama babu wa ukoo. Mtei mwenyewe hayumo katika orodha yetu. Yeye alibishana na mzee akiwa hai, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha unukuzi.

Mkusanyiko mkubwa zaidi wa Wanukuzi kuwahi kuonekana chini ya paa moja ulikuwa Bunge Maalum la Katiba, Dodoma, mwaka 2014, na hapa inabidi tukae kidogo. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilileta rasimu yenye serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Shirikisho. Wenye kutaka serikali mbili zibaki walikuwa na Mwalimu wa maandishi, tena mwenye mihuri. Januari 1984, Aboud Jumbe alipoibua suala la muundo wa Muungano, alijikuta amepoteza urais wa Zanzibar na vyeo vyake vyote katika kile kilichoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Mwaka 1993 wabunge waliojulikana kama G55 wakataka serikali ya Tanganyika, na Mwalimu, akiwa mstaafu, aliwajia juu kwa hotuba na kwa kitabu kizima, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Ushahidi gani mwingine unahitajika?

Lakini wa serikali tatu nao walikuwa na Mwalimu, tena wao walikuwa na watu wake. Warioba alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Mwalimu. Joseph Butiku, mjumbe wa tume, alifanya kazi katika ofisi yake Ikulu na ndiye aliyekuja kuiongoza Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Na walikuwa na usemi ule unaorudiwa sana kwamba Katiba hii ingemwezesha Mwalimu kuwa dikteta kama angetaka. Kwa hiyo ndani ya ukumbi mmoja maandishi ya Mwalimu yalikuwa yakipigana na wanafunzi wa Mwalimu. Kisayansi lile lilikuwa jaribio la thamani kubwa, maana lilionyesha kinachotokea Wanukuzi wawili wanapokutana na nukuu zinazopingana: hakuna anayeshindwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama akasema, "Basi, kumbe Mwalimu yuko upande wako." Wajumbe wa UKAWA wakatoka nje Aprili, waliobaki wakapitisha serikali mbili Oktoba, na kura ya maoni iliyotangazwa kuwa Aprili 30, 2015 haikupigwa. Novemba 2014, kwenye kongamano la taasisi yenye jina la Mwalimu, Ubungo, zikazuka vurugu na Warioba akashambuliwa akiwa mzungumzaji. Hapo unukuzi ulikuwa umeisha, na mtafiti makini huweka kalamu mfukoni akatafuta mlango.

Ng'ambo ya bahari, Unguja na Pemba, spishi hii ni adimu. Jina lenye kazi kule ni la Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, na wapo wapiga kura ambao wakilisikia la Nyerere jambo la kwanza wanalolikumbuka ni huo mwaka 1984.

Mnukuzi wa Zege hanukuu kwa mdomo. Hunukuu kwa saruji, lami na nondo, na ndiye aliyefanikiwa kuliko wote. Mgeni akitua Dar es Salaam kwenye Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, huingia Barabara ya Nyerere, iliyokuwa ikiitwa Pugu Road. Akitaka kwenda Kigamboni kwa gari atapita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, na atalipa tozo. Akiwa na hela zaidi atakwenda kuangalia wanyama Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, na jirani yake ataona bwawa la Rufiji lenye jina hilohilo na uwezo wa megawati 2,115. Huko Addis Ababa, Umoja wa Afrika una jengo la amani na usalama lenye jina lake tangu 2016, na tangu Februari 2024 ana sanamu nje.

Katika yote hayo hakuna kinachomweleza vizuri Mnukuzi wa Zege kama noti ya shilingi 1,000. Itoe mfukoni uikunjue. Mwalimu yupo, ana tabasamu dogo la mtu aliyekwisha kulijua jibu, na kwa kawaida ana mkunjo unaompitia shavuni, kwa sababu hii ndiyo noti ya daladala na ya chenji na hailali. Sasa zipange noti zote mezani. Simba ni shilingi 2,000. Faru ni 5,000. Tembo ni 10,000. Baba wa Taifa kwa hiyo ni nusu ya simba na sehemu moja ya kumi ya tembo, na ili umpate faru unahitaji Mwalimu watano. Tumejaribu kutafuta dharau katika mpangilio huu tukashindwa kuamua. Huenda Benki Kuu ilimweka hapo kwa mapenzi, awe karibu na mama muuza mchicha. Huenda pia kila nchi, ikiachwa peke yake na orodha ya thamani, husema ukweli bila kukusudia.

Spishi mbili tuzipitie haraka. Mnukuzi wa Damu ni wa ukoo, na cha kusisimua ni kwamba ukoo wenyewe haukubaliani: Makongoro Nyerere, mwana wa Mwalimu, aliingia siasa za uchaguzi mwaka 1995 kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi mjini Arusha kabla ya kurudi CCM, na Vincent Nyerere alikuwa mbunge wa CHADEMA wa Musoma Mjini kuanzia 2010. Mnukuzi wa Ibada yeye humwombea. Kanisa Katoliki linashughulikia mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenyeheri, na kila Juni mahujaji wa Tanzania na Uganda hukusanyika Namugongo, Uganda, kwa ajili yake. Rais Yoweri Museveni amehudhuria hapo mara nyingi. Ana deni la kweli, kwani alisoma Dar es Salaam na jeshi la Tanzania ndilo lililomng'oa Idi Amin mwaka 1979. Mwalimu aliacha urais Novemba 1985. Museveni aliingia Januari 1986. Baada ya hapo kila mmoja amefuata kalenda yake.

Kutokana na vielelezo hivi tunapendekeza Kanuni ya Gharama: idadi ya mara ambazo neno la Mwalimu hunukuliwa hupungua kadiri linavyomgharimu anayelinukuu. Uthibitisho uko kwenye Azimio la Arusha la Februari 1967. Kujitegemea hunukuliwa kila mkutano, kwa sababu anayetakiwa kujitegemea ni msikilizaji. Lakini Azimio lilikuwa na miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 chama kilikaa Zanzibar kikailegeza. Sijawahi kumsikia Mnukuzi akipaza sauti jukwaani kuhusu nyumba za kupangisha, hasa mwenye fremu za maduka barabarani. Kwa haki, ACT-Wazalendo walipozindua Azimio lao la Tabora mwaka 2015 walijaribu kurudisha suala la viongozi kutangaza mali zao. Tunawarekodi kama hali isiyo ya kawaida.

Uthibitisho wa pili ni Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu akawapokea Ikulu, akakubaliana nao jambo moja, kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akakata wake papo hapo kwa asilimia 20. Kisha akawafukuza chuo, wanafunzi karibu 400, warudi kwao. Tukio lina nusu mbili, na historia imeifuata ile ya kufukuza kwa uaminifu mkubwa.

Hapo tunagusa tawi la elimu hii ambalo halijaendelezwa, nalo ni Urithi Kimya: mambo ya Mwalimu yanayotumika pasipo kunukuliwa kabisa. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa mwaka 1962. Nyalali aliihesabu miongoni mwa sheria 40 mbaya. Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake wa Dar es Salaam kuijenga TANU, alihukumiwa kwa uhaini na kutoka gerezani mwaka 1972. Leo ana barabara. Ofisa anayemkamata mpinzani usiku hasemi "Mwalimu alisema", ingawa kati ya Wanukuzi wote ndiye mwenye kumbukumbu nzuri. Na katika upande mwingine wa ukimya huo yupo Mwalimu wa mwaka 1984, aliyekiri mbele ya mwandishi wa habari kwamba kufuta tawala za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976 yalikuwa makosa. Kiongozi aliye madarakani, anataja kosa, anataja mwaka, na mkosaji ni yeye. Nukuu hii haijawahi kuonekana porini.

Kazi haijaisha, tena inaongezeka, kwa kuwa tangu Rais John Magufuli afariki Machi 2021 wameanza kuonekana makinda wanaosema "Magufuli angekuwepo". Wanafunzi watakaokwenda kwenye mikutano Oktoba ijayo waende na daftari lenye safu tatu: alichosema Mwalimu, aliyekisema tena, na kilimgharimu nini. Safu ya tatu waichore nyembamba. Karatasi itakayookolewa waitumie kurekodi makofi.